Baba amestaafu, tumnunulie kamera gani?

Swali: Shikamoo fundi. Baba yetu alistaafu mwaka jana, alikuwa fundi sanifu wa maji. Sasa ana miaka 61 na amerudi nyumbani Kibosho. Enzi zake alikuwa na kamera ya filamu, akipiga picha za ubatizo na za mifongo, ile mifereji ya maji ya huku, aliyokuwa akienda kuikagua. Siku hizi anashinda barazani akiangalia ndege na Mlima. Anavaa miwani ya kusomea, na mkono wa kulia unamtetemeka kidogo. Tuko watoto watatu, tumechanga milioni moja na laki nane. Kaka anataka tununue kamera kubwa ya kubadilisha lenzi, kama zile za wapiga picha wa harusi. Mimi naona tumchukulie simu yenye kamera nzuri, mambo yaishe. Nani yuko sahihi? (Binti yake, Dar es Salaam)

Jibu: Marahaba, binti yangu. Hamjakosea sana, wewe wala kaka yako, lakini nyote mmeanza na kamera kabla hamjafika kwa Baba.

Nikupe mfano. Mwaka juzi mama mmoja, mwalimu mstaafu wa pale Kiboriloni, aliniletea kamera kibandani kwangu hapa Moshi ikiwa bado ndani ya boksi lake, na ile nailoni ya kwenye kioo haijabanduliwa. Vijana wake walikuwa wamemletea Krismasi, ikakaa kabatini miaka miwili. "Ilikuja imeharibika," akaniambia, "kila kitu ukungu mtupu, nikaona aibu kuwaambia watoto." Nikachaji betri, nikachungulia: picha safi. Nikampa achungulie mwenyewe: ukungu. Sasa, kando ya kile kitundu cha kuchungulia kuna kigurudumu kidogo, chenye unene wa punje ya dengu, ambacho watu wengi hufikiri ni urembo. Kazi yake ni kukifanya kitundu kifuate macho ya mwenye kamera, kama vile duka la miwani linavyokupimia. Nikamwambia avue miwani, asiangalie mti wala nyumba, aangalie zile namba ndogo zinazoonekana humo ndani kwa chini. Nikawa nakizungusha kijino kimoja kimoja. Cha nne au cha tano akaruka: "Ee! Kumbe humu ndani kuna namba!"

Kamera ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyekaa naye dakika tano.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mzee yeyote ni hili: ataionaje picha kabla ya kuipiga? Mtu akifika umri wa Baba, lenzi ya ndani ya jicho imeshakakamaa, vitu vya karibu havimkai machoni. Ukimpa kamera ya kioo tu, ataisukuma mbele mikono imenyooka ndipo aone, na mkono ulionyooka ndio unaotetemeka kuliko wote. Halafu barazani Kibosho saa sita mchana, jua likipiga kioo, hata wewe mwenye macho ya ujana huoni kitu. Kamera yenye kitundu cha kuchungulia inamaliza yote mawili: jicho linakaa gizani, na kamera inaegemea kwenye paji la uso. Kamera yoyote isiyo na kitundu hicho, iondoe kwenye orodha yako, hata kama muuzaji anaapa. Canon SX740 HS, kwa mfano, ni kakamera kazuri kenye uzito wa gramu 299, kanaingia mfuko wa koti, na kanavuta mara 40. Lakini hakana kitundu. Kwa Baba, hapana.

Hapo ndipo simu yako inapokwamia pia. Siidharau simu. Kwa wajukuu, kwa sahani ya kitalolo, kwa usiku sebuleni, simu nzuri ya leo inazishinda kamera nyingi za bei ya kati, na nadhani ya kutosha anayo tayari. Lakini wewe umesema anaangalia ndege. Hondohondo akitua juu ya mkuyu, mita thelathini au arobaini kutoka barazani, kwenye simu nyingi atatoka kama punje ya mchele mweusi. Ukimvuta kwa vidole kiooni, punje inakuwa uji. Simu chache zenye lenzi ya kuvuta kweli zipo, na bei yake mnaijua. Na kuna jambo jingine ambalo huwa nawaambia watu wanacheka: simu inaita. Mzee ameshamlenga ndege dakika kumi, shangazi anapiga kuuliza habari za msiba, ndege huyoo!

Sasa kaka yako. Mawazo yake yana mantiki, maana kamera ya kubadilisha lenzi ina sensa kubwa. (Sensa hapa si ile ya watu na makazi, ni kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga, kilichochukua kazi ya filamu.) Kwenye kamera hizo za Canon za daraja la kati, sensa ina upana wa milimita 22.3 kwa 14.9. Sensa kubwa inakusanya mwanga mwingi, ndiyo maana picha za harusi ukumbini zinatoka safi. Tatizo liko kwenye lenzi inayokuja nayo boksini. Chukua Canon EOS R50, kamera nzuri na nyepesi, gramu 375 bila lenzi. Inauzwa na lenzi ya milimita 18 hadi 45 (namba ikiwa kubwa, lenzi inavuta mbali zaidi). Kwa hesabu ya kamera za filamu, ambayo Baba anaielewa kuliko sisi, mwisho wa lenzi hiyo ni kama milimita 72 tu. Na lenzi ya kawaida ya kamera yake ya zamani bila shaka ilikuwa ya milimita 50. Yaani mtakuwa mmetumia pesa yote mkamsogeza hatua moja na nusu karibu na yule hondohondo. Ilipotoka mwaka 2023, R50 na lenzi hiyo iliuzwa Marekani dola 799.99, na lenzi ya ndege, ile ya 100 hadi 400, ilitoka kwa dola 649 peke yake. Piga hesabu, weka usafiri na ushuru, uone kama milioni moja na laki nane inafika hata nusu ya njia.

Na hata mkiongeza hela, kuna vumbi. Kila unapobadilisha lenzi unafungua mlango wa sensa. Mwezi wa pili na wa tisa, vumbi la barabara za kwetu huku halihitaji kukaribishwa. Wateja wangu wanaoleta kamera zenye madoa meusi angani kila picha, karibu wote wamebadilishia lenzi ndani ya gari dirisha likiwa wazi.

Ninachowashauri kipo katikati yenu: kamera yenye umbo la ile ya kaka yako, lakini lenzi yake haitoki, na inavuta kutoka mandhari yote hadi jicho la ndege. Mafundi tunaziita tu kamera za zumu ndefu. Mbili ndizo ningezitafuta kwa bajeti yenu.

Ya kwanza ni Canon PowerShot SX70 HS. Ilitoka 2018, ina megapikseli 20.3, uzito wake gramu 610 pamoja na betri. Lenzi yake inaanza na 21 na kuishia 1365 kwa hesabu ileile ya filamu. Mwambie Baba ni zaidi ya mara 27 ya ile 50 yake, halafu umwangalie uso. Kioo chake kinafunguka kama mlango na kugeuka, kwa hiyo akimaliza anakifunga kikiangalia ndani, hakikwaruziki. Lakini kilichonifanya niiweke mbele ni kitufe kimoja ubavuni mwa lenzi. Ukivuta sana ukamlenga ndege, mkono ukitetemeka kidogo tu ndege anatoka kwenye picha, unabaki unatafuta majani matupu. Kitufe kile ukikibonyeza na kukishikilia, lenzi inarudi nyuma, unaona mti mzima na kifremu kidogo kinachokuonyesha ulikuwa wapi. Unamweka ndege ndani ya kifremu, unaachia, lenzi inavuta tena yenyewe. Kwa mkono wa Baba, kitufe hicho kina thamani kuliko megapikseli zote za dunia.

Ya pili ni Panasonic Lumix FZ82D, ya mwaka 2024. Wamarekani wanaijua kwa jina la FZ80D, ni ileile. Inaanza na 20, yaani inameza nyumba nzima na wajukuu wote mstari mmoja, inaishia 1200. Faida yake ni kuchaji kwa waya wa USB-C, ule wa simu nyingi za sasa, na umeme ukikatika hata pawabanki inaichaji. Kioo chake hakigeuki. Angalia iwe na hiyo D mwishoni: FZ82 ya zamani, ya 2017, kitundu chake cha kuchungulia ni hafifu, na sisi tumeshakubaliana kwamba kitundu ndicho kila kitu.

Mtu atawaambia chukueni Nikon P1000, inafika 3000, inapiga mashimo ya mwezini. Kweli, inapiga. Ina gramu 1,415. Chukua mfuko wa kilo moja ya sukari, ongeza karibu nusu yake, unyanyue usoni kwa mkono unaotetemeka, uushikilie hapo mpaka ndege ageuke. Ndugu yake mdogo, P950, anafika 2000 kwa gramu 1,005. Huyo ningemfikiria kama mkono ungekuwa imara.

Hizi kamera nazo zina mapungufu, msije mkasema sikuwaambia. Ili lenzi ndogo ivute mbali hivyo, sensa lazima iwe ndogo: kama milimita 6.2 kwa 4.6, chini ya punje ya hindi. Eneo lake halifiki hata sehemu moja ya kumi na moja ya sensa ya kaka yako. Kanisani jioni, au sebuleni kwa taa moja, picha zitakuwa na chengachenga. Huko atumie simu. Pia lenzi inayotoka na kuingia huvuta hewa kama mvukuto, na vumbi likishaingia ndani kulitoa ni kazi ya fundi ya nusu siku. Mfuko wenye zipu ni lazima. Na akivuta kilele cha Kibo saa saba mchana, picha itayumbayumba kama inaonekana juu ya moto wa mkaa. Hiyo ni hewa ya joto iliyoko kati yake na mlima. Hakuna kamera inayoitibu. Mlima apige saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua linapoukamata kutoka kulia, upande wa Mawenzi, na theluji inageuka rangi ya chungwa. Ila huyu ni mzee wa Kibosho, namfundisha nini? Kufika saa nne wingu limeshaukalia, anajua.

Kuhusu mkono. Kamera zote mbili zina mtambo ndani ya lenzi unaosahihisha mtikisiko, uwe umewashwa muda wote. Viwiko aviegemeze mbavuni, kitundu kwenye mfupa wa jicho, mkono wa kushoto chini ya lenzi kama anashika kibuyu cha mbege, asiibane pembeni. Chukua soksi nene, ijaze maharage, ifunge, iwekwe juu ya ukuta wa baraza: kamera ikilala hapo hakuna stendi ya dukani inayoifikia. Halafu wewe mwenyewe mwekee gurudumu la juu kwenye spidi, 1/500 (yaani picha inanaswa kwa sehemu moja ya mia tano ya sekunde), kwa mchana wa jua. Spidi hiyo inaukata mtikisiko mwingi kabla haujaingia kwenye picha. Na kwa kuwa umenitajia mwenyewe: kama mtetemeko huo ni mpya au unaongezeka, apelekwe hospitali aangaliwe kwanza. Kamera itasubiri.

Pesa msiimalizie kwenye kamera. Katika milioni moja na laki nane, tengeni laki tatu pembeni kwa betri ya pili, memori kadi mbili, mfuko, na kusafisha picha. SX70 ilipotoka iliuzwa dola 549.99 Marekani, FZ82D dola 479.99, lakini bei ya hapa inapanda na kushuka kufuata dola na mwagizaji, kwa hiyo ulizieni maduka matatu, Arusha na Kariakoo, kabla ya kutuma hela. Dukani daini risiti na waranti iliyoandikwa jina la duka na namba ya kamera. Kadi moja ya GB 64 inatosha maelfu ya picha. Ninasema mbili kwa sababu kadi hufa. Nyingine huzaliwa zimekufa. Mimi mwenyewe niliwahi kununua kadi iliyoandikwa 128 kwenye duka moja ambalo silitaji, nikapiga nayo kipaimara kizima cha mtoto wa jirani. Ndani ilikuwa 8. Picha za mwanzo zilifunguka, zilizofuata zikawa majina matupu, na keki ilikuwa kwenye majina matupu. Tangu siku hiyo kadi mpya naijaza video mpaka mwisho na kuifungua yote kabla ya kuiamini.

Mkipata iliyotumika, sikatai, hasa SX70. Ila kamera iliyokaa Dar, Tanga au Unguja mmulike lenzi kwa tochi ya simu, mkiangalia kwa pembeni. Mkiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, rudisheni hata kama bei ni ya kutupa. Ivuteni mpaka mwisho na kuirudisha mara kumi. Ikikwaruza au ikikwama, kwaherini. Na Kibosho wakati wa masika kuna unyevu wa kutosha, kwa hiyo isikae kwenye mfuko wa ngozi kabatini. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, msivitupe, viwekwe humo.

Kama kaka yako bado anavuta, kuna njia moja ninayoweza kumkubalia: Canon 250D iliyotumika, gramu 449, na lenzi ya 55 hadi 250 STM, gramu 375, iwe ndiyo inayokaa kwenye kamera muda wote. Hapo ana sensa kubwa na anafika 400 kwa hesabu ya filamu. Ndege wa karibu atawapata vizuri sana, yule ndege mdogo aitwaye chozi, akiwa kwenye maua, atatoka kama wa kalenda. Wa mkuyuni atabaki mdogo. Ikiwa Baba ni mtu wa kukaa kimya na kuwasubiri waje, basi hii si mbaya hata kidogo.

Siku ya kumpa, msimpe boksi lililofungwa mbele ya keki na wageni, akashangiliwa, mkapanda basi kesho yake mkarudi Dar. Ifungueni nyinyi kwanza. Wekeni tarehe na saa, zimeni milio, valisheni mkanda, chajini betri zote mbili. Kigurudumu cha macho azungushe mwenyewe, miwani akiwa amevua, kisha mkitie alama ya kalamu nyeupe mahali kilipoishia, maana wajukuu watakichezea. Siku ya kwanza mfundisheni kitu kimoja tu: kubonyeza kitufe nusu, kusubiri kifremu kigeuke kijani, ndipo amalizie. Kamera yake ya filamu haikuwa na nusu, alilenga kwa kuzungusha lenzi, kwa hiyo kidole chake kitataka kumaliza moja kwa moja. Hapo ndipo picha nyingi za wazee zinapotoka ukungu, wala si kwa sababu ya mtetemeko. Tena atabania: filamu ilikuwa na picha 36 na kila moja ililipiwa kusafishwa. Nimemwona mzee ana kadi ya picha elfu sita, amepiga kumi na mbili kwa mwezi. Mpige nyinyi picha mia mbele yake, mzifute tisini akiwa anaona.

Kuhamishia kwenye simu, programu ya Canon ipo na inafanya kazi, lakini kuunganisha kwa Wi-Fi kutawafanya mpigiwe simu kila Jumapili. Mnunulieni kisoma kadi kidogo cha kuchomeka kwenye simu. Anachomoa kadi, anachomeka, picha hizo hapo. Akituma kwenye kundi la familia kwa WhatsApp azitume kwa HD, la sivyo yale manyoya yote aliyoyahangaikia yatapotea njiani. Na kila mwezi achague kumi, mtumie hela kidogo kwenye ile laki tatu, akashuke mjini kuzisafisha. Mzee mwenye picha ukutani hupata wageni wa kumuuliza alizipigaje.

Kabla hujalipa, mpigie Baba umuulize kwa ujanja: enzi za kamera yake, alikuwa anachungulia kwa jicho lipi? Akisema la kulia, chukueni yoyote kati ya zile mbili. Akisema la kushoto, chukueni SX70, kwa sababu FZ82D ina kioo cha kugusa, na mtu wa jicho la kushoto pua yake hukilalia kioo. Mnaweza kukizima kwenye menyu. Lakini nimeshapokea mzee mmoja aliyekuja kulalamika kwamba kamera yake inalenga inakotaka yenyewe, na ilikuwa pua.